Dau la mnyonge linakwenda joshi, kamba zake zikiwa sawa

(Haya ni mazungumzo niliyofanya na vijana na wenye vyombo vidogo vya tanga. Wengi hawakuweza kufika wakaomba niyaandike, basi haya hapa yote, nimeyaacha kama nilivyoyasema, ila michoro niliyokuwa nachora ubaoni nimeiruka.)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, dada zangu, vijana, na nyinyi watoto mliopanda ukutani huko nyuma ambao nawaona mnacheka, asalaam aleikum na habari za asubuhi.

Naomba nianze na methali ambayo kila mtu hapa kakua nayo. Dau la mnyonge haliendi joshi. Na wengine mnaimalizia, likienda joshi ni Mungu kupenda. Haya nauliza, nani hapa ashawahi kukaa akajiuliza kwa nini haliendi? Kwa sababu mwenyewe ni maskini? Upepo unajua nani maskini nani tajiri? Kusi, upepo wetu wa kutoka kusini, ikivuma inauliza mtu ana nyumba ngapi? Haiulizi! Kwa wageni wetu wa bara, joshi ni upande upepo unakotoka, na kwenda joshi ni kule kupanda kuuelekea upepo, ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika tanga, maana ukiwa na upepo mgongoni hata gogo linafika.

Sasa mimi nawaambia sababu ninayoiona mimi. Dau la mnyonge haliendi joshi kwa sababu tanga lake limechoka limetoa tumbo, foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, imepinda, henza, kamba ya kulipandishia, ni vipande vitatu vimeungwa, chombo kinavuja na kati ya watu watatu waliomo wawili wanafua maji badala ya kushika kamba. Ni hayo tu. Na hayo yote yanatengenezeka, mengine kwa pesa, mengi kwa mikono na subira. Ndicho nilichokuja kusema leo, kwamba chombo kidogo cha mbao kinakwenda joshi na kinarudi na watu wake wazima kama kila kamba iko mahali pake na kila kamba inafunguka. Shikeni hilo la pili, inafunguka. Nitalirudia mpaka mnichoke.

Tuanze na mbao. Najua mmekuja kusikia habari za tanga, tutafika, lakini huwezi kufunga tanga juu ya kapu linalovuja ukategemea miujiza.

Kuna jamaa alirithi mashua ya marehemu baba yake. Mashua ilikuwa imepandishwa juu ufukoni kaskazi nzima, msimu wote wa upepo wa kaskazini, jua la Januari na Februari linaipiga, hakuna hata kuti moja juu yake. Alipokuja kuiangalia mbao zimekauka, kati ya ubao na ubao unaweza kuingiza ncha ya kidole. Akashtuka, akanunua pamba, akanunua mafuta, akaita vijana wakapiga kalafati asubuhi mpaka magharibi, wanagonga pamba mpaka haiingii tena, kwa macho ilipendeza kweli kweli. Akaishusha majini. Mnajua kilichotokea? Mbao zikanywa maji zikavimba, na ubao ukivimba unataka nafasi, na nafasi yenyewe imeshajazwa pamba mpaka pomoni, basi ubao ukawa unamsukuma mwenzake, misumari ikaanza kuachia kwenye mataruma, zile mbavu za chombo, na taruma moja ikapasuka kabisa. Fundi mzee akaja akazunguka mara moja, hakusema mengi, akasema tu, "ungeinywesha kwanza".

Ungeinywesha kwanza. Chombo kilichokaa juani unakinywesha kwanza, unakimwagia maji ndani, unatandika magunia yaliyoloa, au unakiweka pale maji yanapojaa na kupwa ili kilowe na kupumzika kwa siku kadhaa. Kitavuja sana siku ya kwanza, usiogope, acha kivuje. Mbao zikisharudi mahali pake ndipo unaona mwanya gani umebaki, na huo uliobaki ndio unaoutia pamba, pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta, unaigonga ikae na si ikomae. Halafu chini unapaka deheni, ile ya mafuta na chokaa, na mbao za juu unapaka sifa, yale mafuta ya papa, na harufu ya sifa jamani utaizoea, mke wako ndiye hatazoea. (Watu walicheka hapa.) Na kila baada ya muda kilaze ubavu maji yakipwa, washa makuti upitishe moto haraka haraka chini yake, kuna wadudu wa baharini wanatoboa mbao na wanakula chombo ndani kwa ndani, wewe nje unaona rangi nzuri tu. Moto wa kupitisha lakini, si wa kuchomea mahindi.

Kuna watu siku hizi wananiambia tujaze mianya yote kwa gundi ngumu ya dukani ile ya kuchanganya chupa mbili, tumalize. Mimi kwenye chombo cha mbao zilizopigwa misumari siipendi hata kidogo. Mbao zinacheza, lazima zicheze, zinavimba zinanywea kila msimu, ukizifunga kwa kitu kigumu kitu hicho kitaachia upande mmoja na maji yataingia mahali usipopaona. Wazee wetu wa visiwa vya Lamu walijenga mitepe bila msumari, mbao zimeshonwa kwa kamba ya nazi toka mkuku, ule uti wa chini, mpaka juu, na tanga la mkeka la pembe nne, na chombo kile kilikuwa kinanyumbulika juu ya wimbi badala ya kupigana nalo. Vyombo vya kushonwa kwenye pwani hii vimetajwa na wageni waliopita huku karibu miaka 2000 iliyopita. Mitepe iliisha mwanzoni mwa karne ya 20, lakini mwaka 2003 mafundi waliunda mmoja Zanzibar ukawekwa kwenye jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib, waliouona watakuambia ule ushonaji ulivyo. Mtu aliyeshona chombo kwa kamba kikavuka bahari, huyo alijua kitu kuhusu kubana na kuachia.

Haya, chombo kinaelea, sasa tupande juu.

Mlingoti wetu umeinama mbele, mmeona? Wengine wakiona hivyo wanadhani fundi alikosea, wanautia kabari usimame wima upendeze. Usimnyooshe mwenyewe bila kujua kwa nini ameinama! Umeinama mbele ili foromali ining'inie mbali na mlingoti, iweze kuzungushwa bila kukwama, na pia ili uzito wa upepo uje mbele. Mlingoti ukiurudisha nyuma tanga nalo linarudi nyuma, chombo kinaanza kung'ang'ania kupanda joshini chenyewe, unashika kana, ule mkono wa usukani, mpaka mkono wako unakufa ganzi. Nimewaona watu wanalaumu usukani, wanabadilisha usukani, wanatengeneza mkubwa zaidi, kumbe ni kabari ya mlingoti. Chombo kikivuta sana hivyo, jaribu vitu viwili kabla hujaita fundi, inamisha mlingoti mbele kidogo, au sogeza watu na farumi, ule uzito wa kukituliza chombo, nyuma kidogo. Ila usiondoe kabisa ule mvuto. Mvuto kidogo unautaka, maana siku ukiteleza ukaachia kana, chombo kitapanda chenyewe kuelekea upepo kisimame, tanga lipigepige, upate nafasi ya kujikusanya. Chombo ambacho ukiachia kana kinakimbilia demanini, yaani upande upepo unakokwenda, hicho ni cha kuuza.

Foromali. Hapa nikae kidogo maana ndipo watu wengi wanapoharibu. Foromali mara nyingi inakaribia urefu wa chombo chenyewe au inazidi, na inaunganishwa miti miwili au zaidi, mnene chini, mwembamba juu, imelazwa pamoja na kufungwa kamba. Kwa nini mwembamba juu? Umaskini wa miti? Hapana. Ule wembamba una kazi. Upepo wa ghafla ukija, ncha inapinda, tanga juu linafunguka kidogo, upepo unamwagika, chombo kinaegama lakini hakilali. Upepo ukipita ncha inarudi. Yaani foromali inafanya kazi kabla hata wewe hujafikiria.

Basi kijana mmoja, mchapakazi sana, mchomeleaji vyuma, alichoka kubadilisha miti akafunga bomba la chuma. Akasema hii haivunjiki mpaka kiama. Na kweli haikuvunjika. Upepo wa kwanza mkali ulipokuja bomba halikupinda hata unywele, mzigo wote ukaenda kwenye mlingoti, mlingoti ukapasuka pale juu ya ubao unaoushikilia, ukaanguka na bomba na tanga na kila kitu majini upande wa demani, na bomba la chuma halielei. Alibahatika kwamba hakuna aliyekuwa amekaa chini yake. Ukiimarisha kitu kimoja kwenye chombo, uliza nguvu ile inahamia wapi, maana haipotei, inahama tu.

Tanga kulifunga kwenye foromali, usitumie kamba moja ndefu ya kuzungusha mwanzo mpaka mwisho. Najua ni rahisi, najua ni haraka. Ikikatika mahali pamoja tanga lote linafunuka. Tumia vipande vifupi vifupi, kila kimoja na fundo lake, kimoja kikikatika vingine vinashika mpaka ufike. Na kama tanga ni la pamba usilivute likakaza kabisa likiwa kavu, likiloa linabana, utakuta limejikunja pembeni na foromali imepinda kama upinde. Lipe nafasi. Na tumbo la tanga liwe mbele, karibu na foromali, nyuma liwe tambarare, tanga lenye tumbo nyuma linavuta chombo ubavu badala ya kukipeleka, na ndilo hilo tanga la mnyonge wa kwenye methali, limechakaa limelegea nyuma, ukitaka kwenda joshi linakupeleka demanini.

Pamba au turubai? Mnaniuliza sana hili. Turubai ni rahisi, halichukui maji, halivundi, kwa mtu anayeanza sina ugomvi nalo, anza nalo. Lakini turubai linanyooka, na likishanyooka halirudi, na mishono yake inachanika kwenye matundu ya sindano kwa hiyo kunja pindo mara mbili na utie kamba ndani ya pindo. Pamba inakaa umbo vizuri zaidi na mkononi ni rahisi ila usiikunje mbichi ukaiweka, itaota ukungu na baada ya msimu unatoboa kwa kidole. Ianike. Hata kama umechoka, ianike.

Kamba nazo. Henza ndiyo inayobeba foromali nzima na tanga lake, jarari, kamba yake ya kuvutia, inapita kwenye gofia, yaani kapi, ili uweze kutweka bila kuita kijiji kizima. Kamba ya naironi inavutika, kwa nanga ni nzuri sana kwa sababu hiyo hiyo, lakini kwa henza ni mbaya, unatweka mpaka juu, upepo ukija inarefuka, foromali inashuka na umbo la tanga linaharibika. Ile kamba ya plastiki ya bei rahisi, ya bluu au ya kijani, inaelea na haiozi kwa maji lakini jua linaiua, inakuwa na unga ukiishika na inateleza kwenye fundo. Ukiona unga, kata, tengenezea kamba ya kufungia mbuzi. Na gofia, litie mafuta, na liangalie ekseli yake, gofia likikwama siku unataka kushusha tanga ndio siku utajua umuhimu wake.

Halafu kitu kimoja wengi hawakijui, mkia wa henza ukishatweka unafungwa nyuma upande wa joshi, ili henza yenyewe iwe inaushika mlingoti usianguke demanini. Kwa hiyo ukipindua chombo, yaani ukikigeuza upepo uje upande wa pili, henza nayo inahama upande. Ukisahau, umeuacha mlingoti peke yake. Na fundo lake liwe la kuvuta mkia likafunguka, maana henza ndiyo breki yako. Upepo ukizidi kabisa, huna la kufanya, achia henza, foromali ishuke, umalize ugomvi. Fundo la henza linalohitaji meno kulifungua, wallahi kata hiyo kamba leo.

Sasa demani. Ndugu zangu, kama mtasahau yote niliyosema, msisahau hili. Demani haifungwi. Demani haifungwi! Semeni na mimi. (Walisema, mara tatu, watoto ukutani walisema kwa sauti zaidi.)

Demani hapa si ule upande, ni ile kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga. Ukiivuta tanga linakaza na chombo kinaenda, ukiiachia tanga linapigapiga na chombo kinasimama wima. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kurudi nyumbani na kutafutwa. Sasa upepo mzuri, safari ndefu, mkono unachoka, mtu anafanya nini? Anaizungusha demani kwenye ubao anapiga fundo, anakaa kula.

Walikuwa vijana watatu, nawafahamu wote na wote wazima alhamdulillahi, wanarudi na samaki jioni, upepo wa pembeni mzuri, chombo kinakimbia. Aliyeshika demani akaifunga ili awashe sigara. Sigara moja. Wakawa wanapita nyuma ya kisiwa, na nyinyi mnajua nyuma ya kisiwa upepo unakufa halafu ukitokeza upande wa pili unakupiga wote kwa pamoja. Ulipowapiga akarukia fundo, lakini fundo lenye mzigo wa tanga zima limejikaza, halifunguki kwa vidole, kisu kiko chini kwenye ngama, tumboni mwa chombo, pamoja na samaki, chombo kikaegama, maji yakapita juu ya ukingo, na maji yakishaingia upande mmoja yanakaa upande huo huo. Wakapinduka. Walikaa juu ya chombo kilichogeuka mpaka mashua nyingine ikawaona giza linaingia. Samaki wote, nyavu, simu tatu, na sigara bila shaka.

Nani hapa hajawahi kuifunga? Usinyooshe mkono, najua jibu.

Basi fanya hivi, mzunguko mmoja, au mmoja na nusu, kwenye ubao au kigingi, mkia mkononi. Msuguano wa ule mzunguko unabeba mzigo, mkono wako unabeba kidogo tu, na ukifungua vidole kamba inatoka yenyewe. Mtoto wa miaka kumi anaweza kushika demani ya mashua hivyo. Na kisu kikae mwilini, na kamba yake, si kwenye kikapu.

Kwa wenye ngalawa, msinitazame hivyo mkidhani hayawahusu kwa kuwa mna mirengu, ile miti inayotoka pande mbili, na zile mbao za pembeni. Ngalawa inasamehe zaidi, kweli, gogo la mwembe na miguu pande mbili, lakini ngalawa ikizidiwa ule ubao wa upande wa demani unazama chini ya maji, unakuwa breki, ngalawa inageuka kwa kasi na mrengu unavunjika kwenye kamba zake. Kwa hiyo kagueni zile kamba za mirengu kila mnapotoka, zile zinasaga taratibu na huwezi kuona mpaka uzifunue.

Jambo lingine ni kupindua. Unakwenda joshi kwa kubisha, huku na huku, na kila unapogeuza upande unatakiwa kulihamisha tanga. Chombo chetu hakipendi kupitisha omo, yaani mbele yake, kwenye upepo, foromali inabaki upande mbaya wa mlingoti, tanga linabanwa juu yake. Ngalawa ndogo zinaweza kuvumilia upande mbaya kwa masafa mafupi. Lakini kawaida unageuka kwa kupitisha tezi, yaani nyuma ya chombo, kwenye upepo, unaachia demani yote, tanga linaruka mbele, mtu wa mbele anaisimamisha foromali wima na kuizungusha mbele ya mlingoti, demani inapitishwa mbele ya kila kitu ije upande wa pili, henza inahama, watu wanahama, farumi inahama. Yote hayo kwa muda wa kusoma alhamdu, la sivyo upepo unakukuta katikati.

Nimetazama mashindano ya vyombo Lamu, na raha yake iko kwenye kona, pale wanapozunguka boya. Siku moja zilifika mashua mbili karibu sawa. Ya kwanza kila mtu alikuwa anapiga kelele, vuta, achia, si hiyo, wewe nahodha gani wewe, na foromali ikawa imesimama katikati kila mtu anaivuta upande wake. Ya pili sikusikia neno. Nahodha alinyoosha kidole tu, yule wa mbele akaenda, yule wa demani akaenda, waliokaa kwenye ubao wa nje wakaingia ndani kimya wakauhamisha ubao, ikageuka ikaondoka, wale wa kwanza bado wanagombana. Nahodha wengi chombo huenda mrama, si ndivyo tunavyosema? Kabla hamjatoka ufukoni gaweni kazi, mmoja kana, mmoja demani, mmoja foromali, na fanyeni zoezi nchi kavu, chombo kimekaa mchangani, bila upepo, mpaka mikono ijue. Ni ajabu ni wachache kiasi gani wanafanya hivi, wanaona aibu. Aibu ya kuchekwa na mbuzi ufukoni ni nafuu.

Na msitegemee miujiza ya pembe. Tanga letu ukilipeleka joshi, ukipata kama digrii 60 kutoka upepo unakotoka shukuru. Ukiling'ang'aniza zaidi linasimama, chombo kinateleza ubavu, unajidai unapanda kumbe unarudi. Angalia maji nyuma yako, mkondo wako unakuambia ukweli.

Mwisho, upepo wenyewe na maji. Hapa sitakaa sana kwa kuwa wazee walioko hapa wanajua kuliko mimi, ila kuna hadithi moja lazima niitoe.

Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Malindi mwezi wa Aprili, mfalme wa Malindi akampa rubani anayeijua njia, wakatoka tarehe 24 Aprili kusi inaanza, wakavuka mpaka Calicut kule India kwa siku 23 hivi. Siku ishirini na tatu, bahari nzima! Kurudi hakusubiri. Kaskazi haijashika yeye kaondoka, mwanzoni mwa Oktoba, na kuvuka huko huko kulimchukua karibu miezi mitatu, upepo wa mbele, kisha shwari, kisha upepo wa mbele tena, mabaharia wake wanakufa kwa ugonjwa mmoja mmoja, walipoifikia pwani yetu Januari 1499 walikuwa wachache kiasi kwamba merikebu moja iliwabidi waichome moto, hakuna mikono ya kuiendesha. Merikebu zile zile, mabaharia wale wale. Tofauti ni msimu tu. Na wenyeji walikuwa wanakwenda na kurudi India miaka mingi kabla yake, kwenda kwa kusi, kurudi kwa kaskazi, wanakaa kule wanafanya biashara wanasubiri.

Sasa wewe na ngalawa yako unayetoka asubuhi kurudi jioni, hili linakuhusu vipi? Linakuhusu kila siku. Umande, ule upepo wa nchi kavu, ukitoka alfajiri unakupeleka nje bila jasho, upepo wa bahari ukiingia mchana unakurudisha. Ukichelewa kutoka umepoteza wa kwanza. Kusi ya Juni na Julai si ya chombo kidogo nje ya mwamba, tanga letu halina namna rahisi ya kulipunguza, ndiyo maana wazee walikuwa na matanga mawili, kubwa la kaskazi na upepo mwepesi, dogo la kusi. Kama una moja tu na ni kubwa, basi kusi ikikaza wewe ni mtu wa ndani ya mwamba. Tangambili, ule wakati wa kati ya kusi na kaskazi, usiiamini, inageuka mchana mmoja mara mbili. Na bamvua, yale maji makubwa, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3 kwenye sehemu nyingi za pwani hii, yakitoka mlangoni, kwenye upenyo wa mwamba, kwa kasi na upepo unaingia, mawimbi yanasimama pale pale mlangoni kama ukuta, saa mbili baadaye panapitika na kijiko. Ngoja hizo saa mbili. Kula. Lala.

Kuna swali niliulizwa nje kabla hatujaanza, kwa nini tusifunge mashine tu tukaachana na haya yote. Fungeni. Mimi sina dini ya tanga. Mashine ndogo tezini imeokoa watu wengi siku za shwari na siku za ugonjwa. Lakini mafuta yanaisha na plagi zinaloa, na chombo kilichokatwa tezi ili kiwekwe mashine kubwa halafu kikabakiwa na mlingoti wa mapambo, siku mashine ikizima nje ya mwamba hakina hata upondo, mti wa kusukumia, wa maana. Ukifunga mashine bakisha tanga linalofanya kazi, na makafi, na upo wa kufulia maji, na nanga yenye kamba ndefu, na liweke tanga hilo juu angalau mara moja kwa wiki ili mikono isisahau na ili ujue panya hawajalila.

Haya, maji yanaanza kupwa saa tisa na mashua iko pale chini. Wanaotaka kujaribu kupindua foromali waje wanne wanne, kila kundi limchague nahodha wake kabla halijafika, na asiyejua kuogelea anavaa jaketi huku huku juu kabla hajakanyaga maji. Wazee naomba mkae kivulini mtukosoe kwa sauti.